Oili ya Nchi ya Baridi

Asubuhi, kabla sijamaliza chai hapa nyumbani Rau, simu yangu huwa imeshaingiza picha mbili tatu za makopo ya oili. Vijana wa siku hizi hawaji tena na gari. Wanapiga picha kopo likiwa dukani, wanaituma, na chini wanaandika: "Shikamoo mzee. Hii vipi?" Nami siwezi kujibu swali hilo kwa neno moja. Nawauliza gari ni la miaka gani, injini imeshafunguliwa au bado, linalala wapi, linabeba nini, linapanda mlima gani. Wengi hunyamaza hapo. Mmoja alinijibu kwamba alikuwa anatafuta oili, hakuwa anaomba kazi.

Simlaumu. Nimekuwa mtu wa kufikiri kupita kiasi tangu ujana, na miaka yote niliyokaa gereji haikuniponya. Ilinifundisha tu mahali pa kuachia. Ninaandika haya kwa sababu ya mwalimu mmoja kijana, Neema, aliyekuja kwangu mwezi uliopita. Amenunua gari dogo la petroli lenye umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa na daftari, na ndani yake alikuwa ameandika ushauri wa shemeji yake, wa muuza spea, wa dereva wa bodaboda, wa mwalimu mkuu na wa watu wengine ambao sikumaliza kuwasoma. Kila mmoja alikuwa na oili yake. Akaniuliza ipi ni nzuri kuliko zote. Nilipoliona lile daftari nilishtuka kidogo, maana na mimi niliwahi kuwa na la aina hiyo, na la kwangu liliua injini.

Nilitoka chuo cha ufundi na stashahada mkononi na hofu tele kifuani. Wazazi wangu hawakuwa watu wa mlimani. Walitoka Singida kufuata kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, na mimi nikakulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Gereji iliyonipokea ilikuwa Moshi mjini, jirani na reli. Fundi mkuu alikuwa Mzee Anaeli, mtu wa Machame, mrefu, mpole, mwenye vidole vyeusi ambavyo hata sabuni ya unga ilishindwa navyo. Wateja wake wa mlimani walimwita Meku, jina la heshima kwa mzee wa huko. Yeye mimi aliniita Diploma.

Siku ya kwanza alinituma nikafungue nati ya kumwagia oili chini ya gari. Nikamuuliza nitumie nguvu kiasi gani, maana chuoni tulifundishwa kwamba kila nati ina kipimo chake. Akanitazama, akaitazama nati, akasema, "Mpaka itoke." Mafundi wenzangu walicheka hadi saa ya chakula.

Nilikuwa hivyo. Nilirudi mara tatu kuhakikisha kifuniko cha oili nimekifunga. Nikifika kitandani nawaza kama niliingiza lita nne au nne na nusu, na asubuhi namtafuta mwenye gari nikachungulie tena kijiti cha kupimia. Mzee Anaeli hakukataza. Alisema fundi anayerudi kuangalia ni bora kuliko asiyerudi, ila asimfuate mteja mpaka kanisani. Hilo nililifanya mara moja tu.

Yeye vipimo vyake vilikuwa vidole, pua na karatasi. Akitaka kuijua petroli, alidondosha tone kwenye karatasi nyeupe na kusubiri. Petroli safi hukauka na kuiacha karatasi ilivyokuwa. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta, na harufu yake hubaki vidoleni hata ukinawa. Fanyeni hivyo mnaponunua kwenye dumu, na ikiwezekana msinunue kwenye dumu kabisa. Gari la zamani halina kompyuta ya kuwaambia kwamba limelishwa uchafu. Litawaambia kwa kukohoa mlimani, na wakati huo tenki limeshajaa.

Neema aliniuliza pia kuhusu ile petroli ya bei ya juu yenye namba kubwa, kama ingelipatia gari lake nguvu. Nikamwambia kwamba ile namba haipimi nguvu. Inapima uvumilivu, yaani petroli inaweza kubanwa kiasi gani ndani ya injini kabla ya kulipuka yenyewe bila kungoja cheche. Injini nyingi za zamani hazibani sana, kwa hiyo uvumilivu wa ziada hauzifai kitu. Angalia kitabu cha gari kinataka namba gani, weka hiyo au iliyo juu yake kidogo, basi. Lakini ukipanda kilima ukasikia mlio kama kokoto kwenye kopo, usiupuuze. Ama petroli ni duni, ama cheche inakuja mapema mno. Mpelekee fundi arekebishe, usiongeze sauti ya redio ili usiusikie.

Na msiendeshe gari la zamani likiwa na tone la mwisho. Chini ya tenki la miaka thelathini kuna kutu na mchanga uliokaa kwa amani siku zote. Mafuta yakiisha, huo ndio unaonyonywa. Ukikuta lori la mafuta linashusha mzigo kituoni, nenda kanunue mkate kwanza, uchafu utulie, ndipo urudi.

Kuhusu dizeli sitasema mengi, kwa sababu nikianza sitamaliza. Jueni tu kwamba dizeli hulainisha pampu inapopita ndani yake. Ukiichanganya na mafuta ya taa ili upunguze gharama, pampu inasagika ikiwa kavu. Akiba uliyoipata njiani utaiacha yote kwa fundi wa pampu.

Sasa oili. Zile namba mbili kwenye kopo si siri ya kiwanda. Ya kwanza, yenye herufi W ubavuni, inasema oili itakuwa nyepesi kiasi gani asubuhi ya baridi unapowasha gari. Ndogo ni nyepesi zaidi. Ya pili inasema itabaki nzito kiasi gani injini ikishapata moto. Gari jipya lina nafasi finyu kati ya chuma na chuma, kwa hiyo linataka oili nyepesi inayopenya haraka. Gari lililotembea miaka mingi chuma chake kimelika na nafasi zimepanuka. Oili nyepesi ikipata moto hupita kwenye nafasi hizo kama maji kwenye mfereji mbovu, wala haikai kuzuia vyuma visigusane. Ndiyo maana injini nyingi za zamani huku kwetu huishi vizuri na ishirini kwa hamsini, au kumi na tano kwa arobaini. Nasema nyingi, sisemi zote. Nimeona pia watu wakimwaga oili nzito kama uji kwenye injini ambayo bado nzima, kisa gari ni la zamani, halafu asubuhi ya Julai huko juu inagonga dakika nzima kabla oili haijapanda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halijaandikwa kwa namba. Oili za kisasa zina dawa ya kusafisha. Ukiitumia tangu injini ikiwa mpya, ni baraka. Lakini injini iliyokaa miaka na oili ya zamani, ikibadilishwa kwa kuchelewachelewa, huwa na tope jeusi limeganda kila pembe. Dawa ile huling'oa lote kwa mara moja, na tope haliendi mbinguni. Linakwenda chini, kwenye chujio la pampu ya oili.

Hilo la mwisho sikulisoma popote. Nilifundishwa na pikapu ya Elisaria.

Elisaria alikuwa mtu wa Machame, makamo, mwenye sauti ya chini na kofia ya sufu hata mchana wa jua. Pikapu yake ya petroli ilikuwa imezeeka tangu aliponunua. Kila asubuhi alikusanya ndoo za maziwa za majirani zake, akazishusha mjini. Kisha akateremka hadi Kahe, akajaza mabua ya mahindi ya mashamba ya umwagiliaji, na kuyapandisha mlimani, maana wakati wa kiangazi ng'ombe waliofungwa mabandani kule juu hawana kitu kingine cha kula. Gari moja, siku moja: baridi ya alfajiri ya Machame likiwa na ndoo za maziwa tu kwenye mteremko, joto la Kahe saa saba, halafu mzigo mzito kwenye mwinuko mrefu. Mzigo wenyewe ulizidi gari kwa ukubwa. Kwa mbali ungedhani kichaka kinapanda barabara.

Siku hiyo alikuja na malalamiko madogo. Asubuhi za baridi gari lilikuwa zito kuwaka. Alilipaki pua ikitazama chini, kama wanavyopaki wote mlimani, alishtue kwa kulisukuma kidogo, lakini hata hivyo lilisumbua. Mzee Anaeli alikuwa amesafiri kumwona binti yake Dar es Salaam. Mafundi wengine walikuwa na kazi zao, nami nikabaki na daftari langu.

Wiki ile ile mtaalamu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake alikuwa ametuachia boksi la oili kutoka kwao, makopo mazuri yanayong'aa, maandishi ya dhahabu. Oili ya nchi ya baridi, sifuri kwa thelathini. Na kitabu cha ile pikapu kilikuwa na jedwali la hali ya hewa: kadiri baridi inavyozidi, ndivyo oili inavyotakiwa kuwa nyepesi. Nikakaa nalo. Nilikuwa nimewahi kulala Machame usiku mmoja wa Julai, nikatetemeka chini ya blanketi mbili. Nikaandika kwenye daftari: urefu wa mlima, baridi ya alfajiri, ugumu wa kuwaka, aina ya oili. Nilijaza kurasa tatu. Kila mstari ulikuwa sahihi. Kahe haikuwemo hata kwenye mstari mmoja, kwa sababu Elisaria alikuja kulalamikia asubuhi, na mimi nikafikiria asubuhi tu.

Nikamwaga oili yake ya zamani, nikamwekea ile ya dhahabu. Kesho yake gari liliwaka mara moja. Wiki ya pili alinishushia mkungu wa ndizi wa kushukuru, nikawagawia wenzangu huku nikijiona mtu mkubwa.

Wiki ya tatu waliivuta pikapu hadi gereji kwa kamba. Imenoki, kama tunavyosema mafundi. Ilikuwa imefika nusu ya mwinuko na mzigo wa mabua, taa ya oili ikawaka, na kabla Elisaria hajaelewa, injini ikagonga, ikashikana, ikazimika. Elisaria alisimama pembeni kofia mkononi. Tukafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na mimi ndiye niliyekuwa chini ya gari. Chujio la pampu lilikuwa limezibwa na tope jeusi kama limefunikwa kwa lami. Beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, zilikuwa zimelika mpaka rangi ya shaba. Oili iliyobaki niliisugua kati ya vidole nikaona imekuwa kama maji.

Nilikwisha kuelewa kila kitu nikiwa bado chini ya gari. Nilikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilipotoka, Elisaria alianza yeye. Alisema anajua kosa ni lake. Wiki ile alikuwa amenunua petroli ya dumu kule Kahe mara mbili, kwa haraka, na mara ya pili ilinuka mafuta ya taa lakini akanyamaza. Tena ana tabia ya kuzima gari kwenye mteremko ili kupunguza matumizi. Aliyasema yote hayo kwa aibu, mbele ya mafundi, kama mtoto anayeungama. Akaniuliza kama ni hiyo petroli iliyomfanyia hivyo.

Nikasema, "Inawezekana."

Na kweli iliwezekana. Mafuta ya taa yasiyoungua vizuri hushuka kwenye oili na kuipunguza uzito. Kilikuwa kijisababu kidogo, lakini kilikuwepo, na mimi nilikishika kwa mikono miwili. Elisaria akasema basi itabidi auze ng'ombe wake apate injini nyingine. Alikuwa na mmoja tu wa maziwa. Bila pikapu hakuna wa kushusha maziwa ya watu wala wa kupandisha majani. Kwa hiyo pikapu ilipaswa kuja kwanza, hata kama bandani kwake hakutabaki kitu. Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi.

Siku tatu sikula vizuri. Nilifungua ukurasa mpya na kuugawa katikati: upande huu oili yangu, upande huu petroli yake. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilijiambia kwamba siwezi kusema kitu nisichokuwa na uhakika nacho. Nilijiambia nikikiri nitafukuzwa, na baba yangu kule kwenye miwa ameshawaambia watu wote kwamba mwanawe ni fundi mwenye stashahada. Mambo ya namna hii nayaandika wazi kwa sababu najua baadhi yenu mna vichwa kama changu. Kichwa cha hivi kinaweza kupima jambo hadi lioze, na muda wote kikajiona ni kichwa chenye uangalifu.

Mzee Anaeli alirudi siku ya nne. Mafundi walimsimulia yote, yeye hakuuliza zaidi. Aliinama kwenye lile karai tulilomwagia oili, akachovya kidole, akasugua, akanusa. Akadondosha tone kwenye gazeti, akaliacha juani, akaenda kunywa chai. Aliporudi alilitazama doa, kisha akatazama lile boksi la makopo ya dhahabu lililopungua. Ndipo akanijia. Nilikuwa nimekaa na daftari.

"Umefika ukurasa wa ngapi, Diploma?"

Nikamwambia wa pili.

"Ijumaa mnunuzi anakwenda kwa Elisaria. Ukifika wa nne, ng'ombe atakuwa Arusha."

Nikaanza kumweleza kuhusu petroli ya dumu na mafuta ya taa. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza. Kisha akasema petroli ile ilikuwepo kweli, na kwenye oili harufu yake ipo kidogo, lakini kidole kikizama kwenye tope lile hakihitaji pua. Alisema mwaka uliopita yeye mwenyewe alifungua kifuniko cha juu cha injini ile na kuuona uchafu uliokuwemo. Ndiyo sababu aliiwekea oili nzito na kuibadilisha mapema, taratibu, ili tope litoke kidogo kidogo. Hakuniambia kabla ya kusafiri, na hilo alisema ni la kwake. La kumwambia Elisaria "inawezekana" ni la kwangu.

Nikamuuliza nitamwambiaje mtu yule. Hapo ndipo alipouliza kama sisi watu wa miwa tunajua sale.

Nilikuwa nimeyaona masale, mimea ile ya majani marefu iliyopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga. Nilidhani ni uzio tu. Mzee Anaeli akanieleza kwamba huko mlimani ukimkosea mtu kosa kubwa huendi mikono mitupu na maneno mengi. Unachukua jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Mtu akiletewa sale hamfukuzi aliyelileta. Akaongeza kwamba si hirizi. Ukilipeleka halafu ukaanza kujitetea, umepeleka jani tu.

Ijumaa asubuhi nilikata sale kwenye mpaka wa kihamba cha Mzee Anaeli mwenyewe, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Fundo la kwanza nililifunga vibaya. Akalifungua, akaniachia nilifunge tena. Nikapanda kwa miguu hadi kwa Elisaria. Njiani nilifanya mazoezi ya hotuba. Ilianza na tofauti ya oili nyepesi na nzito.

Mnunuzi alikuwa ameshafika. Ng'ombe alikuwa nje ya banda, kamba shingoni, na mnunuzi alikuwa akimzunguka kwa dharau ile ya wanunuzi, akimtafutia kasoro kwenye kwato. Elisaria alikuwa amesimama na kofia yake. Mke wake, Mama Aika, alikuwa mlangoni na ndoo tupu ya kukamulia mikononi, kana kwamba hakujua pa kuiweka.

Niliwaamkia shikamoo wote watatu. Wakaitikia. Kisha Elisaria akaliona jani, na uso wake ukabadilika, maana hakuwa na habari yoyote kwamba kuna mtu aliyemkosea.

Nikamnyooshea kwa mikono miwili. Nikaanza hotuba. Nilifika kwenye jedwali la hali ya hewa na nchi za baridi, na jinsi namba ya kwanza inavyotofautiana na ya pili, hadi Mama Aika akanikatiza.

"Mwanangu, hapo kwenye baridi umetupoteza. Sema ulichokuja kusema."

Nikasema, "Ni mimi niliyeiua injini. Oili niliyoweka haikuwa ya gari lile. Petroli yako haikufanya hivyo, na nilijua, na nikakuacha uamini."

Mnunuzi aliacha kutazama kwato. Alikuwa wa kwanza kusema, akalalamika kwamba ametoka mbali na hajaja kusikiliza kesi za gereji, anataka kujua ng'ombe anauzwa au hauzwi. Ng'ombe akapiga chafya.

Elisaria alilitazama jani. Nilitamani atukane. Kichwani nilikuwa nimejiandalia majibu ya matusi mbalimbali. Badala yake akauliza jambo moja: je, bila injini nyingine, ile inatengenezeka? Nikamwambia ndiyo. Nyuma ya gereji ilikuwa imelala pikapu ya aina ile ile iliyogongwa ubavuni, na Mzee Anaeli alikuwa ameshakubali nitoe krenki yake, ambayo bado ilikuwa nzima. Beringi nitazitafuta mimi. Kazi nitaifanya mimi, kuanzia nati ya kwanza hadi ya mwisho, na pikapu itashuka na maziwa baada ya wiki moja. Nilitaka kusema siku kumi, kwa tahadhari, lakini ulimi ukaniwahi.

Akamtazama mke wake. Mama Aika aliishusha ndoo chini, akaenda kwa ng'ombe, akaitoa kamba mkononi mwa mnunuzi, kidole kimoja kimoja, kwa adabu, kama unavyomnyang'anya mgeni kikombe kilichokwisha chai. Akamrudisha ng'ombe bandani. Mnunuzi akatutazama sote, akasema wanaume wa huku wanaamuliwa mambo na majani, akashuka zake akinung'unika mpaka tulipoacha kumsikia.

Elisaria akalipokea sale. Alilikunja taratibu na kulitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto. Nikafungua mdomo nishukuru. Akaniinulia kiganja.

"Sale nimelipokea. Sina kinyongo na wewe, na hakuna mtu atakayenisikia nikilisema hili tena," akasema. "Lakini injini haijui sale. Kesho saa kumi na mbili nitakuwa pale nikikutazama unaifungua."

Mimi, kwa jinsi nilivyo, nilifika saa kumi na moja na nusu. Alikuwa ameshakaa juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa gereji, suruali imelowa umande hadi magotini, kwa sababu alikuwa ameshuka sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasogeza tairi lake karibu na pikapu ili aone vizuri.

"Haya," akasema. "Anza."